Maswali ninayoulizwa kuhusu njia za mkato za kibodi katika kuhariri video

Kazi yangu ni kukata video za harusi, hasa za upande wa kina mama, hapa Mji wa Kale, Mombasa. Video ya kupamba, ile sherehe ya kina mama ya kumpamba biarusi, haitoki nje. Anayeshika kamera ni mwanamke, anayekata ni mwanamke, na mwenye shughuli anataka flashi yake mkononi kabla picha hazijaota miguu. Siwezi kumwita kijana yeyote wa mtaani anipunguzie mzigo, kwa hivyo ilinibidi nijifunze kwenda mbio peke yangu. Wasichana ninaowafundisha huja na maswali yaleyale kila mara, na wapiga picha wa nikahi nao hunitumia ujumbe usiku wa manane. Nimeyakusanya hapa.

Mimi hukata kwenye Premiere Pro na rangi nafanya kwenye DaVinci Resolve, zote juu ya Windows. Vitufe ninavyovitaja ni vile vinavyokuja na programu kabla hujabadilisha chochote.

Mausi ina ubaya gani? Mimi nimeizoea.

Haina ubaya, ila tuhesabu safari za mkono. Unataka kutoa sekunde tatu za mwanzo wa klipu, pale kamera ilipokuwa ingali inatazama mazulia. Kwa mausi unakwenda kuchukua wembe, unarudi kwenye klipu, unatafuta mahali, unakata. Unakwenda tena kuchukua mshale, unarudi kuchagua kile kipande, unafuta. Limebaki pengo, nalo unalibonyeza kwa kitufe cha kulia, unasoma orodha, unachagua Ripple Delete, yaani funga pengo. Kwa kibodi unasimamisha ule mstari mwembamba unaotembea juu ya klipu (mimi nauita sindano) mahali unapotaka, halafu unabonyeza Q. Basi.

Lakini kasi ndiyo faida ndogo. Ile safari ya mausi huondoa macho yako kwenye picha. Ukirudi umeshasahau uso wa biarusi ulikuwaje kwenye fremu iliyopita (fremu ni picha moja kati ya zile zinazounda video), unarudisha nyuma kutazama tena. Mkono ukiwa kwenye kibodi, jicho halihami.

Nianze na vitufe vingapi?

Vitano: J, K, L, Q na W. Nimeona watu wakichapisha saiba orodha ya vitufe mia mbili, wakaibandika ukutani, na mwezi mzima ukapita hawajui hata kimoja. Chukua hivi vitano, fanya navyo harusi moja nzima, kisha jiangalie mkono wako unarudia kitendo gani zaidi ya vyote. Kitendo hicho ndicho utakachokitafutia kitufe cha sita. Kwangu mimi kilikuwa kupunguza sauti, kwa sababu ukumbi wa kina mama una vigelegele, kwa hivyo kitufe changu cha sita ni G, kinachofungua dirisha la kuongeza na kupunguza nguvu ya sauti. Wewe unayekata mahubiri ya Ijumaa huenda usikihitaji kabisa.

J, K na L zinafanya kazi vipi hasa?

L hupeleka video mbele, K husimamisha, J hurudisha nyuma. Ukigonga L mara mbili mwendo unaongezeka, ukiendelea kugonga unazidi, na J ni hivyohivyo kwa kurudi. Saa mbili za ukumbini ukizitazama kwa mwendo maradufu ni saa moja, na kwa mwendo huo bado unasikia pale vigelegele vinapopanda. Hapo ndipo pana kitu.

Wengi huishia hapo, wakaacha nusu tamu zaidi. Shikilia K, na ukiwa bado umeishikilia bonyeza L: video inatambaa taratibu. Ukiigonga L mara moja moja huku K imeshikwa, unasogea fremu moja moja. Kwa J unatambaa kurudi nyuma. Yaani vidole vitatu, bila kuhama, vinakupeleka kutoka mwendo wa mbio hadi kwenye ile fremu ambayo shela linafunuliwa na macho ya biarusi yameinuka. Hakuna mausi itakayokupa ufundi huo.

Papasa kibodi yako uone: J ina kijinundu kidogo, na F pia. Vimewekwa ili mtu aijue kibodi bila kuitazama. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikikaa juu ya kijinundu cha J, cha kati kiko kwenye K na cha pete kwenye L. Unaweza kufanya kazi taa zimezimwa, na mimi hufanya, maana mtoto amelala pembeni.

Na mishale ya kibodi je?

Mshale wa kulia na wa kushoto husogeza fremu moja. Hapa tunarekodi kwa fremu 25 kwa sekunde, au 50, kwa vile umeme wetu ni wa 50 Hz na ukirekodi kwa mpangilio wa Kimarekani taa nyingine za ukumbini zinaanza kupepesa. Kwa fremu 25, kila ukigonga mshale mara moja unasogea sehemu moja ya 25 ya sekunde. Ukiongeza Shift, Premiere inaruka fremu tano, ilhali Resolve inaruka sekunde nzima. Mishale ya juu na chini hukurusha hadi mkato uliotangulia au unaofuata. Hiyo ya juu na chini naitumia kutwa.

Q na W ni nini, na kwa nini zimeniharibia kazi?

Q hufuta kila kilichoko kati ya mkato uliotangulia na sindano, kisha huvuta kazi yote iliyobaki kuziba pengo. W hufuta kutoka kwenye sindano hadi mkato unaofuata, nayo huziba. Q inakata kichwa cha klipu, W inakata mkia.

Neno la kuogopa hapo ni “huvuta”. Mwaka niliopata kinasa sauti changu cha kwanza nilikiweka karibu na wapiga vugo (pembe zinazogongwa kwenye ngoma ya harusi), kamera ikiwa mbali. Nyumbani nikaoanisha sauti ile na picha, ikakaa vizuri kwenye mstari wa nne wa sauti, nami kwa kujiona mjanja nikaufunga ule mstari kwa kufuli ili nisiuguse kwa bahati mbaya. Kisha nikakata, Q, W, Q, W, raha tupu. Sikusikiliza sauti ile, nilikuwa nimeinyamazisha. Nilipokuja kuifungulia, bibi mmoja anagonga vugo lake na mlio unafika yeye ameshageuka kuzungumza na jirani. Kila mkato ulikuwa umevuta picha kushoto, na sauti iliyofungwa ikabaki palepale ilipo. Kufikia mwisho wa wimbo zilikuwa zimeachana kwa zaidi ya dakika nzima. Nilianza upya.

Kwa hivyo, muziki wa nyuma tu, usiofungamana na picha, ufunge kwa kufuli bila wasiwasi. Sauti iliyotoka kwenye tukio lenyewe usiifunge. Ichague pamoja na klipu yake, uiunganishe kwa Link, na hakikisha alama ya Sync Lock imewaka kwenye kila mstari unaotakiwa kwenda sambamba. Na tazama ni mistari ipi imeteuliwa kule kushoto mwa taimulaini, yaani sehemu klipu zinapopangwa, kwa kuwa Q na W hukata ile iliyoteuliwa.

Nabonyeza vitufe, havifanyi kitu. Kibodi imekufa?

Hili ndilo swali la kila wiki, na mara nyingi sana kibodi ni nzima.

Kwanza tazama ni dirisha lipi lililo hai. Kwenye Premiere dirisha hilo huzungukwa na mstari wa buluu mwembamba. Kama ulibonyeza kitu kwenye orodha ya klipu, kibodi sasa inazungumza na orodha, haizungumzi na taimulaini. Bonyeza Shift na 3 urudi kwenye taimulaini. Shift na 1 inakupeleka kwenye orodha ya klipu, Shift na 4 kwenye kioo cha matokeo.

Pili, huenda bado uko ndani ya kisanduku cha maandishi. Ukiandika jina la biarusi kisha ukabonyeza L, programu itaandika l. Toka kwa Esc, au bonyeza mahali patupu.

Tatu, na hili ni letu sisi watu wa Pwani: lugha ya kibodi. Wengi tumeweka Kiarabu kwenye Windows ili tuandike aya na maneno ya kaswida. Kubadilisha lugha ni Alt na Shift kwa pamoja, na vitufe hivyo viwili unavibonyeza pamoja mara kwa mara unapokata bila kujua. Kibodi inahamia Kiarabu kimyakimya na herufi za programu zinaweza kugoma. Tazama pembe ya chini kulia ya skrini, kama pameandikwa kwa Kiarabu bonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi. Dada mmoja alikuwa ameshafungasha laptopu yake ampelekee fundi Digo Road kabla sijamuuliza swali hilo.

Nne, laptopu ndogo huzipa F9, F10 na wenzao kazi ya sauti na mwanga. Shikilia Fn unapozibonyeza.

Na kama skrini imegeuka kichwa chini, usipige kelele. Kwenye laptopu za zamani zenye kadi ya picha ya Intel, Ctrl na Alt na mshale wa chini huigeuza skrini. Ctrl, Alt na mshale wa juu inairudisha.

Laptopu yangu ilitoka Uingereza ikiwa imetumika. Baadhi ya vitufe haviendani na maelezo ya mitandaoni.

Ndivyo zilivyo nyingi za hapa mjini. Utazijua kwa alama ya £ juu ya 3. Mauzauza huja pale ambapo kibodi ni ya Kiingereza cha Uingereza lakini Windows imewekwa ya Marekani: unabonyeza kilichoandikwa @ inatoka alama ya kunukuu. Herufi hazina shida, kwa hivyo J, K, L, Q na W ziko salama. Zinazosumbua ni mbili. Ya kwanza ni mkwaju wa kinyume, \, ambao Premiere huutumia kukuonyesha kazi nzima kwa upana wa skrini. Kwenye kibodi hizo umechorwa karibu na Shift ya kushoto, lakini Windows ikiwa ya Marekani unatoka pia kwenye kitufe kilichochorwa # karibu na Enter. Jaribu vyote viwili. Ya pili ni kile kitufe kilicho chini ya Esc, kinachokuza dirisha lijae skrini. Kikikataa, kipe kazi hiyo kitufe kingine.

Natumia DaVinci Resolve. Vitufe ni hivyohivyo?

J, K, L ni hivyohivyo, na I na O za kuweka mwanzo na mwisho pia, na M ya kuweka alama. Baada ya hapo njia zinaachana. Kukata kwenye sindano ni Ctrl na B, ilhali Premiere ni Ctrl na K. Mshale wa kuchagulia ni A badala ya V, wembe ni B badala ya C. Kitufe cha Delete hufuta na kuziba pengo, Backspace hufuta na kuliacha pengo. Na ukibonyeza Q kwa mazoea ya Premiere, Resolve inakubadilishia tu kioo cha kutazamia, wewe ukabaki kushangaa klipu mbona haijakatwa. Kazi ya Q kule inafanywa na Ctrl, Shift na mabano [, na ya W ni hiyohiyo na mabano ].

Kama umetoka Premiere usijitese. Bonyeza Ctrl, Alt na K, na juu ya dirisha litakalofunguka chagua mpangilio wa Premiere Pro. Upo pia wa Final Cut na wa Avid. Mimi binafsi niliuchagua siku ya kwanza na sijaona sababu ya kutubu.

CapCut ya kompyuta je? Na zile za bure, Kdenlive na Shotcut?

CapCut ya kompyuta ina Q na W, zikifuta kushoto na kulia mwa sindano. Shotcut inakata kwa S. Kdenlive inakata kwa Shift na R.

Mimi natumia simu tu.

Basi ukurasa huu hautakusaidia sana, ndugu yangu.

Na Mac?

Pale ninaposema Ctrl wewe weka Command, na Alt ni Option. Kuna vichache visivyofuata kanuni hiyo, utavigundua.

Mkono wa kulia uko kwenye mausi. Nitafikiaje J, K na L?

Swali zuri, na waandishi wa programu hawakulifikiria vya kutosha. Q na W ziko kushoto, J, K na L ziko kulia, na katikati mkono umeshika mausi. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni kufanya kazi kwa awamu: unapotazama klipu na kuchagua, acha mausi kabisa, mikono yote miwili kibodini. Unapopanga na kurembesha, mkono wa kulia urudi kwenye mausi. Ya pili ni kuhamisha kazi za J, K na L ziende S, D na F, chini ya mkono wa kushoto. Nimefanya hivyo miaka kadhaa sasa. S inarudisha, D inasimamisha, F inakwenda, na Q na W ziko hapo juu yake, kidole kinapanda na kushuka kama kwenye kinanda.

Kwenye Premiere, Ctrl, Alt na K inakuchorea kibodi nzima. Vitufe vya zambarau ni vya programu yote, vya kijani ni vya dirisha moja tu, na visivyo na rangi viko huru. Ukikipa kitufe kazi mpya, itakuonya kama ya zamani inapotea. Soma onyo. Mtu mmoja alihamishia kazi fulani kwenye V, akakosa mshale wa kuchagulia, akaja kwangu akidhani amepata virusi.

Badili machache. Ukibadili thelathini, siku utakayoketi kwenye kompyuta ya mwenzako Bondeni utakuwa kama mgeni.

Naweza kubeba vitufe vyangu kwenye flashi?

Unaweza. Kwenye Premiere, ukihifadhi mpangilio wako kwa jina, unakuwa faili lenye mwisho .kys ndani ya Documents, kwenye folda ya Adobe, Premiere Pro, kisha toleo lako, kisha folda ya wasifu wako, kisha Win. Linakili, liweke mahali palepale kwenye kompyuta ya pili, fungua programu, lichague. Resolve ni rahisi zaidi: katika dirisha la vitufe bonyeza vidoti vitatu, utaona pa kutolea na pa kuingizia. Ukimaliza kazi kwa watu, rudisha mpangilio wao. Ni adabu tu, kama kurudisha viatu vya mwenyewe mlangoni.

Ninunue vibandiko vya rangi vya kubandika juu ya vitufe?

Sipendi. Kibandiko kinakufundisha kuinamisha kichwa kutafuta rangi, na lengo zima lilikuwa usiinamishe kichwa. Isitoshe, kwa joto na unyevu wetu gundi huyeyuka ikanata vidoleni. Kibodi ya nje ya waya, ya kawaida kabisa, itakufaa zaidi. Kahawa chungu ikimwagika unatupa kibodi, laptopu imesalia. Usiniulize nimejuaje.

Stima hupotea nikiwa katikati ya kazi. Kuna kitufe cha hilo?

Ctrl na S. Najua programu hujihifadhi yenyewe, lakini hujihifadhi kwa ratiba yake na stima hukatika kwa ratiba yake. Mimi kila nikimaliza kipande, yaani wimbo mmoja au kuingia kwa biarusi, vidole vinakwenda Ctrl na S vyenyewe, hata nikiwa naandika ujumbe kwenye simu natamani kubonyeza.

Itachukua muda gani kuzoea?

Siku chache za kwanza utakuwa mzito kuliko ulivyokuwa na mausi, na utakasirika. Usizianze siku ambazo mteja anataka kazi kesho. Chukua harusi ya zamani iliyokwisha kulipwa, ikate upya kwa vile vitufe vitano. Mausi iweke kwenye droo. Wasichana wangu wengi wiki ya pili hawaitafuti tena, ila mmoja alikaa nayo mapajani mwezi mzima bila kuitumia, kwa mazoea.

Mkono unaniuma kwenye kifundo.

Punguza safari za mausi, shusha meza au pandisha kiti hadi kiwiko kilingane na kibodi, na usibonyeze kwa nguvu. Simama kila adhana. Maumivu yakikaa, au vidole vikianza kufa ganzi usiku, hilo ni la daktari.

Kwa nini kutendua ni Ctrl na Z? Z ni ya neno gani?

Si ya neno lolote, ni ya mahali. Z, X, C na V zimekaa safu moja chini kushoto, karibu na vidole vya mkono usioshika mausi. Apple walizipanga hivyo kwenye kompyuta yao ya Lisa iliyotoka mwaka 1983, za kutendua, kukata, kunakili na kubandika, na wengine wakafuata. Kwenye Premiere ukitendua mno ukapitiliza, Ctrl, Shift na Z hurudisha ulichotendua.